Mwenye Kamera Asishike Kitabu cha Kanuni

Machi 2025 madereva wa Safari Rally ya Kenya waligoma kuzungumza na televisheni. Hawakugoma kukimbia. Magari yaliondoka kwa zamu kama ratiba ilivyosema, vumbi la Naivasha likapanda, muda ukapimwa. Ila walipofika mwisho wa kila hatua, pale ambapo mtangazaji huinama dirishani na kipaza sauti amuulize dereva mambo yamekwendaje, wengine walikaa kimya kabisa na wengine wakajibu kwa lugha za nyumbani kwao. Picha ilikwenda duniani kote kama kawaida, lakini yale maneno ya dereva anayehema, ambayo ni sehemu kubwa ya kinachouzwa kwenye matangazo ya rally, hayakupatikana.

Chanzo kilikuwa Sweden, mwezi mmoja kabla. Mfaransa Adrien Fourmaux wa timu ya Hyundai alihojiwa hewani, akaeleza jinsi walivyoharibu mambo siku iliyotangulia, na katika kueleza akaponyokwa na tusi la Kiingereza. Hakumtukana mtu, alikuwa akijilaumu yeye na timu yake. Wasimamizi wakamtoza faini ya euro 10,000, na juu yake wakamwekea nyingine ya euro 20,000 ambayo angeilipa endapo angerudia. Ilikuwa sehemu ya kampeni ya rais wa FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, Mohammed Ben Sulayem, ya kusafisha lugha katika michezo ya magari. Kampeni hiyohiyo ilikuwa imeshamgusa Max Verstappen, wakati huo bingwa wa dunia wa langalanga (Formula 1), kwa neno alilolitamka mbele ya waandishi wa habari huko Singapore Septemba 2024. Yeye alipangiwa kazi ya jamii, akaitumikia Kigali, Desemba mwaka huohuo, pamoja na vijana wa Rwanda wanaojifunza udereva wa mashindano.

Mimi simtetei mtu kutukana hewani. Hapa Kawe, Dar es Salaam, iwe kwenye banda umiza kule Ukwamani au sebuleni kwa mtu, watoto ndio hukaa mbele kabisa, karibu na skrini, na mzazi ana haki ya kutaka masikio yao yaheshimiwe. Lakini tumtazame dereva yule. Ametoka kuendesha gari porini kwa mwendo ambao kosa dogo humtupa mtaroni au kwenye mti. Kofia ngumu bado iko kichwani, mikono bado inatetemeka, na sekunde chache baada ya kukanyaga breki mtu anamwekea kipaza sauti mdomoni. Kwenye Ligi Kuu yetu hakuna anayeingia uwanjani dakika ya 89 kumhoji beki aliyeteleza akasababisha bao. Anaachwa amalize mchezo, aingie chumbani, anywe maji, ndipo aitwe. Televisheni ya rally hutaka kumpata mtu akiwa bado amechemka kwa sababu hapo ndipo msisimko ulipo. Kisha akisema kama mtu aliyechemka, anatozwa faini.

Hapo ndipo ninapoona tatizo, na ni kubwa kuliko tusi moja. Kanuni ya aina ile hailindi mashindano. Haimzuii dereva kudanganya, haimlindi mtazamaji aliyesimama pembeni ya barabara, haimpi mshindani wake haki yoyote. Inalinda sura ya bidhaa inayouzwa. Na kanuni zinapoanza kutungwa na kutafsiriwa kwa kuangalia jinsi jambo litakavyoonekana kwenye skrini, yule anayeshindana anakuwa wa mwisho kufikiriwa. Msimamo wangu ni huu: anayeuza picha asiwe na mkono katika kuamua kosa, na adhabu isipimwe kwa ukubwa wa kamera iliyokuwapo.

Mgomo wa Naivasha ulizaa matunda. Mei 2025 FIA ilipunguza kiwango cha msingi cha faini ya makosa hayo kutoka euro 10,000 hadi 5,000, ikawapa wasimamizi uhuru wa kusitisha adhabu kwa anayekosea mara ya kwanza, na ikakubali kutofautisha maneno yanayomtoka mtu katikati ya joto la mashindano na yale anayoyasema akiwa ametulia mezani mbele ya waandishi. Tofauti hiyo ingeonwa na mtu yeyote mwenye busara tangu siku ya kwanza. Ilibidi watu wafunge midomo ndipo ionekane.

Safari Rally ina historia nyingine ya adhabu, ya zamani zaidi, na naipenda kuliko hii. Mashindano yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na lori la mzigo, ng'ombe, mvua za masika na mto uliovimba. Aliyechelewa kufika kituo cha ukaguzi aliandikiwa adhabu kulingana na muda aliochelewa, na mwenye adhabu ndogo kuliko wote ndiye aliyeshinda. Hakukuwa na maelezo ya ziada. Ukikwama kwenye tope dakika 40, umekwama dakika 40, hata kama jina lako linauza magazeti. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Wazee wetu waliyafuata mashindano hayo kwa redio, na redio haikuwa na namna ya kumpendelea mtu.

Mwaka 1973, ambao ndio mwaka wa kwanza wa Ubingwa wa Dunia wa Rally, yalitokea yale ambayo yangewatoa jasho wasimamizi wa leo. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye mwaka uliotangulia alishuhudia Waasia wenzake wakifukuzwa na Idi Amin, alimaliza akiwa na adhabu sawasawa na Msweden Harry Källström. Wote wawili walikuwa kwenye magari ya Datsun. Maelfu ya kilomita, na hesabu ikalingana. Kanuni ilikuwa imeshasema nini kifanyike hesabu zikilingana: ushindi unakwenda kwa aliyesafiri mbali zaidi kabla ya kuandikiwa adhabu yake ya kwanza. Kitabu kikafunguliwa, Mehta akapewa ushindi. Hakuna aliyelazimika kukaa chini kutafuta njia ambayo ingependeza zaidi machoni pa watazamaji. Mehta akaja kushinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na baadaye akaongoza kamati ya FIA iliyosimamia mchezo huohuo.

Sisemi turudi kule. Barabara zilizo wazi ziliua watu, na kufungwa kwa hatua za mashindano ni jambo jema ambalo televisheni ililisaidia kuja. Wala sidharau fedha za matangazo. Kenya ilipoteza nafasi yake katika ubingwa wa dunia baada ya mashindano ya 2002, aliyoshinda Colin McRae, ikakaa nje mpaka 2021, na fedha ni sehemu kubwa ya sababu. Bila picha hakuna mdhamini, na bila mdhamini Naivasha inabaki kuwa ziwa na mashamba ya maua. Ninachokipinga ni picha kuhama kutoka kwenye bajeti na kuingia kwenye kitabu cha kanuni.

Imeshaingia. Tangu mwaka 2011 hatua ya mwisho ya kila rally hutoa alama za ziada, na huonyeshwa moja kwa moja. Hilo lilivumilika. Lakini mwaka 2024 wasimamizi wa ubingwa wakaenda mbali zaidi. Waliona kwamba Jumapili madereva huendesha kwa tahadhari kulinda nafasi zao, na mtazamaji anachoka. Wakazigawa alama: fungu kubwa, hadi 18, kwa nafasi za Jumamosi jioni, fungu lingine kwa Jumapili peke yake, na la tatu kwa hatua ya mwisho. Matokeo yakaonekana mapema, Sweden, Februari mwaka huohuo. Esapekka Lappi alishinda rally akaondoka na alama 19. Elfyn Evans, aliyekuwa wa pili, akaondoka na 24. Mueleze hayo mtoto wa darasa la nne anayecheza chandimu pale uwanja wa Tanganyika Packers, kwamba aliyeshinda amepata pungufu kuliko aliyeshindwa, uone atakavyokutazama. Mwaka uliofuata mfumo ukabadilishwa tena, mshindi akarudishiwa alama 25 zake. Lakini msimu mzima wa watu ulikwisha kutumika kama jaribio la kupata Jumapili inayovutia.

Kwenye langalanga mambo yalikuwa mazito zaidi, na huko ndiko tunakoweza kuona shina lenyewe. Mwaka 1999 Tume ya Ulaya iliituhumu rasmi FIA, pamoja na kampuni za Bernie Ecclestone, aliyekuwa akiendesha biashara ya mchezo huo, kwamba chombo kinachotunga kanuni za mchezo kilikuwa kinatumia mamlaka hayo kujikusanyia haki za televisheni na kuwaziba wengine. Mmoja wa waliolalamika alikuwa mfanyabiashara wa Kijerumani aliyekuwa akirusha mbio za malori, ambaye haki zake za picha zilichukuliwa kwa mstari mmoja wa kanuni. Mwaka 2001 wakaafikiana: FIA ibaki kuwa msimamizi, biashara iende kwa mwingine. Haki za kibiashara za Formula 1 zikakodishwa kwa miaka 100 kuanzia 2011, kwa takriban dola milioni 313. Mwaka 2024 peke yake Formula 1, ambayo sasa ni mali ya Liberty Media ya Marekani, iliingiza zaidi ya dola bilioni 3. Bei ile ya karne nzima inaonekana leo kama zawadi, lakini hilo ni suala la wahasibu. Kilichonivutia mimi ni kwamba kisheria kazi hizo mbili zilitenganishwa, kwa kuwa waliona kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere.

Zilitenganishwa kwenye karatasi. Desemba 12, 2021, Abu Dhabi, Lewis Hamilton na Verstappen waliingia kwenye mbio za mwisho wakiwa na alama 369.5 kila mmoja. Hamilton aliongoza mpaka mizunguko michache ya mwisho, ndipo gari la Nicholas Latifi likagonga ukuta na gari la usalama likaingizwa barabarani. Kanuni ilieleza utaratibu: magari yaliyopitwa mzunguko hulipita gari la usalama na kujipanga upya, kisha gari la usalama hutoka mwisho wa mzunguko unaofuata. Mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, akaruhusu magari matano tu, yale yaliyokuwa kati ya wapinzani wawili, na akaliondoa gari la usalama mapema, ukabaki mzunguko mmoja. Verstappen, mwenye matairi mapya, akapita. Ubingwa ukaamuliwa.

Timu ya Hamilton, Mercedes, ililalamika usiku uleule, ikakataliwa. Katika utetezi wa uamuzi lilijitokeza jambo ambalo watu wengi hulipita: timu zote zilikuwa zimekubaliana huko nyuma kwamba ni vizuri mbio zimalizike magari yakishindana, si yakifuatana nyuma ya gari la usalama. Kwa nani ni vizuri? Kwa anayetazama. Ni matakwa halali kabisa, ila hayakuwa kanuni. Siku ile matakwa ya skrini yalipewa uzito kuliko mstari ulioandikwa, na mtu mmoja akapoteza ubingwa wa nane wa dunia. Ripoti ya FIA ya Machi 2022 ilikiri kosa la kibinadamu, ikasema Masi alitenda kwa nia njema, na matokeo yakabaki yalivyo. Masi alikuwa ameshaondolewa.

Kuna kipande kingine cha Abu Dhabi kinachoniuma. Msimu ule mazungumzo ya viongozi wa timu na mkurugenzi wa mbio yalikuwa yakirushwa hewani. Tulisikia wakubwa wa timu wakimshinikiza mwamuzi katikati ya maamuzi, huku akitakiwa kuhesabu magari, kuangalia usalama wa watu waliokuwa wakiondoa vyuma barabarani, na kuwajibu. Yalikuwa matangazo matamu. Yalifutwa baadaye, na FIA ilifanya vyema. Mwamuzi anayejua kwamba kila neno lake linauzwa papo hapo hawezi kufikiri kama mwamuzi.

Nikitoka huko nakuja nyumbani, kwa sababu mwezi uleule ambao Naivasha ilinyamaza, Dar es Salaam ilipiga kelele. Machi 8, 2025, Yanga na Simba zilitakiwa kukutana Uwanja wa Benjamin Mkapa. Jioni ya siku moja kabla, Simba ilisema imezuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, haki ambayo timu mgeni hupewa na Kanuni ya 17(45) ya Ligi Kuu. Ikatangaza haitacheza. Siku ya mechi Bodi ya Ligi ikaiahirisha, mashabiki wakiwa tayari barabarani na wengine uwanjani. Yanga ilipeleka timu, ikadai pointi, ikafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikaambiwa imalize kwanza ngazi za ndani. Mechi ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Kuanzia Machi mpaka Juni nchi haikujua ligi yake inaongozwa na kanuni ipi.

Sitamlaumu hapa mwenye mkataba wa matangazo. Sina ninalojua dhidi yake, na Azam imeifanyia soka yetu makubwa. Mkataba wa 2021 kati yake na Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, wa miaka 10 na shilingi bilioni 225.6, umelipa mishahara ya wachezaji ambao zamani walicheza kwa ahadi. Lakini wakati wote wa mgogoro ule, mazungumzo ya mtaani, kwenye daladala za Kawe na vijiwe vya bodaboda, hayakuwa juu ya kanuni inasemaje. Yalikuwa juu ya nani anataka mechi ichezwe, nani anapata hasara isipochezwa, nani amempigia nani simu. Watu waliacha kuamini kwamba uamuzi unaweza kutoka kwenye kitabu. Sijui hasara ya mchezo iliyo kubwa kuliko hiyo. Na haikusababishwa na ujinga wa mashabiki, kwa sababu shabiki wa Yanga na wa Simba wanaijua sasa 17(45) kwa namba kuliko ibara yoyote ya Katiba. Ilisababishwa na maamuzi kutoka bila maelezo ya kutosha: kosa ni lipi, limethibitishwaje, adhabu yake imeandikwa wapi, na kwa nini hii na si ile.

Mehta na Källström hawakuhitaji kamati ya dharura. Kilichowasaidia hakikuwa utakatifu wa watu wa 1973. Walikuwa na fitina zao kama sisi. Kilichowasaidia ni kwamba mtu alikuwa amekaa mapema, kabla hajajua nani atafaidika, akaandika la kufanya.

Nchi yetu ina nafasi ya kujifunza haya kwa gharama ndogo kabla mambo hayajawa makubwa. Chama cha Magari Tanzania, AAT, ni mwanachama wa FIA, na mbio za magari za Tanzania zimekuwa kwenye kalenda ya ubingwa wa Afrika. Bado ni mchezo wa watu wachache na fedha kidogo. Lakini upepo wa eneo hili unageuka. Rwanda ilitangaza rasmi Desemba 2024 kwamba inataka kuandaa Grand Prix ya langalanga, jambo ambalo Afrika haijalipata tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Kenya imeshairudisha Safari. Siku moja mtu atakuja AAT na kamera nyingi na mkataba mnene, na siku hiyo watendaji wake watashawishika kusaini kila ukurasa.

Na mtazamaji? Mashindano ya Naivasha yanafanyika karibu na Arusha kuliko Kawe ilivyo karibu na Arusha. Mkenya aliyaona kupitia KBC. Mkazi wa Kawe anayetaka kuyafuata hatua kwa hatua anahitaji kifurushi cha king'amuzi cha bei ya juu, au huduma ya kulipia ya intaneti na bando la kutosha. Vijana wanaotengeneza magari kwenye gereji za uswahilini, wenye mikono inayojua injini, wanaona vipande vya sekunde 30 kwenye simu, na mara nyingi kipande kinachowafikia ni cha ajali au cha ugomvi. Wanaujua mchezo kwa adhabu zake. Ningependa serikali zetu, zinapotoa ulinzi, barabara na fedha za umma kwa mashindano kama haya, zidai kama sharti kwamba siku ya mwisho ionyeshwe bure kwenye televisheni za taifa za nchi zote za Afrika Mashariki, TBC ikiwamo. Uganda na Tanganyika zilikuwa ndani ya mashindano haya tangu gari la kwanza lilipoondoka.

Mkataba wa Ligi Kuu utafika mwisho mwaka 2031, na mazungumzo ya unaofuata yataanza mapema kuliko tunavyodhani. Kabla bei haijatajwa, wawakilishi wa klabu waweke mezani vifungu ambavyo havimgharimu mtu shilingi. Mtangazaji na mdhamini wasiwe na kiti wala sauti katika kamati yoyote inayoamua kosa, adhabu au rufaa. Faini zote zichapishwe kila mwisho wa msimu, pamoja na mahali fedha zilipokwenda, swali ambalo madereva wa dunia nao wamekuwa wakiiuliza FIA. Na kila uamuzi unaoahirisha mechi au kuondoa pointi uandikwe kwa Kiswahili, namba ya kanuni na sababu zikiwamo, utolewe ndani ya saa 24, na usomwe wote kwenye kituo kilekile kilichopewa haki ya kuonyesha mechi hiyo.